Njia ya Matembezi ya Atlanta na Wasiwasi wa Majirani



Safari hii tumeona tuzungumzie jambo ambalo ukilisikia mara ya kwanza utalidhania dogo, nalo ni njia ya kutembea kwa miguu. Wengi wetu tuna jamaa walioko Marekani, na si wachache waliotoka Kongo, Burundi na Somalia wakapewa makazi Clarkston, mji mdogo ulio pembeni ya jiji la Atlanta katika jimbo la Georgia. Ukizungumza nao kwa simu, baada ya salamu na habari za watoto, mazungumzo hayachelewi kufika kwenye kodi ya pango. Katika jiji hilo la Atlanta, moja ya mambo yaliyozusha mjadala mkubwa kuhusu nyumba na kodi ni njia ya matembezi iitwayo BeltLine, yaani mkanda unaolizunguka jiji.

Mtu anaweza kuuliza: ni nani mwenye akili timamu atakayepinga njia nzuri, yenye miti pembeni, isiyopita magari, ambayo mama anaweza kusukuma kigari cha mtoto na mzee akanyoosha miguu baada ya alasiri? Swali hilo ni la haki. Ila majirani wa Atlanta waliokuwa na wasiwasi hawakuwa wakichukia miti wala mazoezi. Walikuwa wakikumbuka mambo yaliyowapata, na kila familia inayokaa katika mtaa wa zamani wa mji ina faida ya kujua yaliwapataje.

Mji uliozaliwa na reli

Atlanta haikuzaliwa na bandari wala mto. Ilizaliwa na reli. Mwaka 1837 wapima ardhi walipiga kigingi mahali ambapo reli ingeishia, na pakaitwa Terminus, maana yake mwisho wa njia. Mji ukakua kwa biashara ya mizigo. Mwaka 1864, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, ulichomwa na jeshi la Jenerali Sherman, kisha ukajengwa upya, na reli zikarudi kwa wingi zaidi. Katikati ya mji pakasongamana mabehewa. Ndipo kuanzia mwishoni mwa karne ya 19 yakajengwa matawi ya reli ya kuzunguka mji, ili treni za mizigo zipite pembeni. Kando ya matawi hayo vikasimama viwanda na maghala, na kando ya viwanda zikajengwa nyumba za wafanyakazi.

Baadaye malori yalichukua kazi ya treni. Viwanda vikafungwa kimoja baada ya kingine, reli zikaota majani, na maghala yakabaki magofu. Mitaa iliyozunguka reli hizo, khasa ya kusini na magharibi, ikawa ya watu weusi wenye kipato kidogo. Hilo halikutokea kwa bahati. Katika miaka ya 1930 taasisi ya serikali kuu ilichora ramani za miji na kupaka rangi nyekundu mitaa ambayo mabenki yaliambiwa ni hatari kukopesha, na mitaa ya weusi ndiyo iliyopakwa nyekundu. Katika miaka ya 1950 na 1960 barabara kuu za magari zikapitishwa katikati ya mitaa hiyo hiyo. Auburn Avenue, mtaa alikozaliwa Martin Luther King mwaka 1929, ulikatwa vipande viwili na barabara ya namna hiyo.

Wazo la mwanafunzi

Mwaka 1999 mwanafunzi wa chuo cha Georgia Tech, Ryan Gravel, aliandika tasnifu ya shahada ya uzamili. Alipendekeza matawi yale ya reli ya zamani yaunganishwe yawe duara moja la maili 22, karibu kilomita 35, lipitishe tramu na kuunganisha mitaa zaidi ya 40. Kama zilivyo tasnifu nyingi, ingeweza kuishia kwenye kabati la chuo. Lakini yeye na wenzake waliwapelekea barua viongozi wa jiji, na Cathy Woolard, aliyekuwa rais wa baraza la jiji, akalishika wazo hilo na kulipeleka mitaani. Watu wakakusanyika katika makanisa, shule na kumbi za mitaa kulijadili, na wengi wakalipenda. Mitaa maskini nayo ililipenda, maana iliahidiwa usafiri, bustani na kazi.

Katika mikutano hiyo, pamoja na tramu iliyokuwa ndio msingi wa wazo, zikaongezwa njia ya matembezi na bustani. Tutarudi kwenye hilo, kwa sababu njia ya matembezi ilijengwa, na tramu mpaka leo haijajengwa.

Fedha zilitoka wapi

Hapa tunaomba msomaji atulie kidogo, kwa sababu ndipo penye kiini cha habari hii.

Mwaka 2005 jiji, wilaya ya Fulton na bodi ya shule za umma walikubaliana kutenga eneo maalumu la kodi kuzunguka BeltLine kwa muda wa miaka 25. Utaratibu wake ni huu. Thamani ya ardhi na majengo ya eneo hilo kwa mwaka 2005 ilihesabiwa, na kodi inayotokana na thamani ile iliendelea kwenda jijini, wilayani na mashuleni kama kawaida. Lakini thamani ikipanda, kodi ya ile nyongeza inakwenda kwenye mradi. Kwa matumaini ya nyongeza hiyo, mradi unakopa fedha, unanunua ardhi na kujenga.

Maana yake ni kwamba mradi wenyewe ulihitaji ardhi ipande bei. Bei isipopanda, fedha za kujengea hazipatikani. Kwa hiyo, mkazi wa zamani aliyeogopa kupanda kwa bei hakuwa anawaza mabaya tu. Alikuwa anasoma hesabu kama ilivyoandikwa.

Waliopanga walilijua hilo, nao wakaweka kinga. Asilimia 15 ya fedha za hati za mkopo zingeingia katika mfuko wa nyumba za bei nafuu, na lengo lilikuwa nyumba 5,600 ifikapo 2030. Lakini kinga hiyo ilikuwa na upungufu. Kwanza, ilitegemea mikopo ambayo baada ya msukosuko wa uchumi wa 2008 ilikuwa midogo kuliko ilivyotarajiwa, na juu yake ukazuka mvutano mrefu na bodi ya shule kuhusu malipo iliyoahidiwa, ambao ulimalizwa mwaka 2016. Pili, haikumlazimisha mjenzi binafsi yeyote aliyeinua ghorofa kando ya njia kutenga hata chumba kimoja kwa mtu wa kipato cha chini.

Kwa nini hawakuamini ahadi

Watu wa Atlanta walikuwa wameshasikia ahadi nyingine. Techwood Homes ilikuwa makazi ya kwanza ya umma yaliyojengwa kwa fedha za serikali kuu ya Marekani, na ilifunguliwa 1936. Hata hayo yalijengwa baada ya kubomoa mtaa wa maskini uliokuwapo, na wapangaji wake walikuwa weupe peke yao mpaka mwaka 1968. Ilipokaribia michezo ya Olimpiki ya 1996, Techwood nayo ilibomolewa ili pajengwe makazi ya watu wa vipato mchanganyiko. Baada ya hapo jiji liliendelea kubomoa makazi yake makubwa ya umma ya familia mpaka yakaisha. Kila mara neno lilikuwa moja: maendeleo. Na kila mara waliopisha maendeleo hawakuwa ndio waliorudi kuyafaidi.

Basi mama mzee wa mtaa wa West End au Adair Park alipoletewa mchoro wenye miti na baiskeli, alitaka kujua jambo moja tu: njia hiyo ikimalizika, yeye atakuwa bado yupo?

Yaliyotokea

Mtafiti Dan Immergluck alichunguza mauzo ya nyumba ya miaka ya 2000 hadi 2006. Aligundua kwamba upande wa kusini bei karibu na mkanda wa reli zilianza kupanda kadiri magazeti yalivyozidi kuuandika mradi, kabla hata kipande kikubwa cha njia hakijajengwa. Utafiti huo ulichapishwa 2009. Habari peke yake ilitosha kuwaleta madalali. Onyo lilikuwa limeshatolewa mapema.

Mwaka 2011 ilifunguliwa bustani ya Historic Fourth Ward yenye ziwa dogo la kupokea maji ya mvua, mahali palipokuwa pakifurika. Mwaka 2012 kikafunguliwa kipande cha njia cha mashariki. Mwaka 2014 jengo kubwa la zamani la Sears, lililosimama hapo tangu 1926, likafunguliwa upya likiwa na maduka, migahawa, ofisi na nyumba za kupanga za bei ya juu. Maghorofa yakafuatana kando ya njia. Tuseme ukweli, watu walifurahi. Palipokuwa vichaka na takataka wakapita watoto, na familia nyingi zikapata mahali pa kupumzika bila kiingilio.

Mwaka 2017 ikaja zamu ya upande wa magharibi. Njia ya maili tatu, iliyogharimu takriban dola milioni 43, ilifunguliwa ikipitia mitaa kama West End, Mozley Park na Washington Park. Upande huo unatuhusu Waislamu, kwa sababu West End kuna jamaa ya Waislamu, wengi wao Wamarekani weusi, iliyoanza katika miaka ya 1970. Familia zilihamia karibu na msikiti makusudi, ili sala, madrasa na maduka ya halali yawe mwendo wa miguu. Kwa jamaa kama hiyo, kodi ya pango ikipanda hadhara nzima inaguswa. Aliyehamishwa kilomita 20 hawezi kuwahi alfajiri ya jamaa, na mtoto wake hawezi kwenda chuoni peke yake.

Mwaka huo huo wa 2017 Immergluck na mwenzake walitoa hesabu nyingine. Kati ya 2011 na 2015, nyumba zilizokuwa ndani ya nusu maili kutoka kwenye BeltLine zilipanda thamani kwa asilimia 17.9 hadi 26.6 zaidi ya nyumba zilizokuwa mbali nayo, kutegemea upande wa jiji.

Kupanda huko humwathiri kila mtu kwa namna yake. Mwenye nyumba kijana mwenye kazi hufurahi, maana mali yake imekua. Mwenye nyumba mzee anayeishi kwa pensheni huletewa kodi ya jengo ambayo hawezi kuilipa, ingawa nyumba ni ile ile na paa ni lile lile linalovuja. Mpangaji ndiye hana lolote. Mkataba ukiisha, anaambiwa kodi mpya au atafute pengine. Kinyozi na muuza vyakula wanaotegemea wateja wa mtaa huondoka kimya kimya baada ya wateja wao.

Hatusemi kwamba njia moja ndiyo iliyobadilisha jiji zima. Sababu ni nyingi. Ila sensa zinaonyesha kuwa mwaka 2000 weusi walikuwa kiasi cha asilimia 61 ya wakazi wa jiji la Atlanta, na mwaka 2020 walikuwa wameshuka chini ya nusu.

Mwenye wazo ajitoa

Septemba 2016 Ryan Gravel, yule aliyeandika tasnifu, alijiuzulu katika bodi ya taasisi iliyokuwa ikichangisha fedha za mradi. Alijiuzulu pamoja na Nathaniel Smith, kiongozi wa shirika linalotetea haki na usawa katika miji ya kusini. Walieleza kwamba suala la nyumba za bei nafuu na usawa halikuwa likipewa uzito unaostahili. Aliyebuni mradi kusimama upande wa majirani wenye wasiwasi si jambo linaloonekana kila siku, na jiji lilishtuka.

Baada ya hapo mambo yalianza kwenda. Kuanzia Januari 2018 sheria mpya ilimtaka anayejenga nyumba za kupanga kando ya BeltLine atenge sehemu, asilimia 10 au 15 kulingana na kiwango cha kipato, kwa wenye kipato cha chini ya wastani. Februari 2020 meya Keisha Lance Bottoms alisimamisha kwa muda vibali vipya vya ujenzi kuzunguka bustani kubwa ya magharibi iliyokuwa ikijengwa, akitaja kasi ya kuondolewa kwa wakazi. Baadaye ukaanzishwa mpango wa kuwalipia wenye nyumba wa siku nyingi wa kusini na magharibi ile nyongeza ya kodi ya jengo. Ununuzi wa ardhi kwa ajili ya nyumba nafuu uliongezwa kasi, na sehemu kubwa ya lile lengo la nyumba 5,600 sasa imeshafikiwa.

Hatua hizo ni njema na zinastahili kushukuriwa. Lakini tazama tarehe. Eneo la kodi lilitengwa 2005. Onyo la mtafiti lilichapishwa 2009. Sheria ya kumbana mjenzi ilianza 2018. Maghorofa yaliyojengwa katikati hapo hayakuguswa na sheria hiyo, na familia zilizohama katikati hapo hazikurudishwa na mtu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Atlanta ilianza kujenga ukuta wakati ardhi imeshakuwa ghali, na kila nyumba nafuu iligharimu fedha nyingi kuliko ambavyo ingegharimu mwanzoni.

Ardhi isiyouzwa

Liko jambo moja ambalo sisi Waislamu tunaweza kulielewa haraka. Mwaka 2009 iliundwa taasisi ya amana ya ardhi ya Atlanta, kwa sababu ya wasiwasi huu huu wa BeltLine. Taasisi hushika ardhi, na familia hununua nyumba iliyo juu yake. Familia ikitaka kuhama, huuza kwa bei yenye kikomo, ili familia nyingine ya kipato kile kile iweze kununua. Ardhi yenyewe hairudi sokoni.

Utaratibu huo una mizizi katika jimbo hilo hilo la Georgia. Mwaka 1969 wakulima weusi, wakiongozwa na wanaharakati wa haki za raia akiwemo Charles Sherrod, waliunda New Communities katika wilaya ya Lee, shamba la ekari zaidi ya 5,000 lililoshikwa kwa pamoja. Linahesabiwa kuwa amana ya kwanza ya ardhi ya namna hiyo Marekani. Walilipoteza mwaka 1985, baada ya ukame na kunyimwa mikopo kwa ubaguzi, na miaka mingi baadaye walilipwa fidia.

Msomaji atakuwa ameshaona mfano wake kwetu, nao ni wakfu. Sayyidna Umar alipopata ardhi Khaybar na kutaka ushauri kwa Mtume (s.a.w.), alielekezwa aifunge asili yake, isiuzwe, isitolewe zawadi wala kurithiwa, na mazao yake yawaendee wenye haja. Huko Kampala, ardhi ya Kibuli iliyotolewa na Mwanamfalme Badru Kakungulu imebeba msikiti na mashule mpaka leo, na jiji limekua pande zote kuizunguka. Ingelikuwa ni kiwanja cha mtu binafsi, ingelikuwa imeshauzwa mara ngapi?

Yanayotuhusu

Mitaa yetu ya zamani, Buyenzi ya Bujumbura, Biryogo ya Kigali na mingineyo, ilikuwa pembeni ya mji wakati wa wakoloni. Leo iko karibu na kati ya mji, na ardhi yake inatamaniwa. Biryogo tayari ina mitaa iliyofungwa kwa magari tangu 2021, watu wanakaa nje na kunywa chai, na wageni wanakuja kuiona. Jambo zuri, na tunalifurahia. Ndiyo maana tunasema maswali yaulizwe mapema, wakati mchoro bado uko mezani.

Maswali yenyewe si magumu. Fedha za mradi zinatoka wapi, na je, zinategemea ardhi kupanda bei? Wapangaji ni wangapi, na nani anawasemea? Hati za nyumba za wazee ziko kwa jina la nani, au bado zina jina la marehemu babu? Ardhi ya msikiti na madrasa imeandikishwa kama wakfu, au iko kwa jina la mtu mmoja ambaye warithi wake hawajulikani wataamua nini? Na ahadi ya wakazi kubaki iko katika sheria, au iko katika hotuba?

Familia inaweza kuanza na yaliyo mikononi mwake. Hati ya nyumba itafutwe, mirathi iliyolala igawanywe, na kamati ya msikiti ikae na mwanasheria kabla dalali hajabisha hodi. Mkutano wa mtaa ukiitishwa, wahudhurie wazee, kina mama na wapangaji pia, wasiachiwe wenye nyumba peke yao.

Njia ya kutembea ni neema, na mwenye kuijenga kwa nia njema ana ujira wake. Majirani wa Atlanta waliitaka njia hiyo. Walichoomba ni kuwa miongoni mwa watakaoipita itakapokamilika.

Wabillahi tawfiq.